Je, Sinema Yenye Nyimbo Yaweza Kuwa Shahidi?



Zamani mtu wa Sandoa aliyetaka kuona sinema alingoja siku ambayo mashine na shuka jeupe vingeletwa. Ndipo watu wote wakatazama picha moja kwa pamoja, na wazee wakaeleza. Siku hizi sinema huingia nyumbani ndani ya simu. Kijana huitazama peke yake usiku, wala hapana mkubwa karibu wa kuulizwa: "Je, mambo haya yalitukia kweli?" Kesho yake mwalimu afundisha habari za mwaka 1960, na kijana ainua mkono, asema: "Mwalimu, sivyo tulivyoona." Kwake yeye, kuona picha ni sawa na kuwapo.

Leo twataka kusema juu ya sinema za namna moja tu, yaani zile zinazosimulia habari za wakubwa wa siasa kwa msaada wa nyimbo. Hizo zina nguvu kupita nyingine. Maneno ya kitabu hupimwa kwanza na akili. Msomaji aweza kusimama, kurudi nyuma, na kubisha. Muziki haungoji. Hata asiyejua lugha ya wimbo aweza kutokwa na machozi, na mtu aliyekwisha kulia ni vigumu kumwambia kwamba jambo lililomliza halikuwa hivyo. Basi, sinema ya namna hiyo yaweza kuwa shahidi wa mambo yaliyopita? Na kama yaweza, ni shahidi wa mambo gani?

Tuanze na mfano mwepesi. Wengi wenu mmeiona sinema iitwayo The Sound of Music, iliyotolewa mwaka 1965. Yasimulia habari za Maria, msichana aliyekuwa akijiandaa kwa utawa katika monasteri ya Nonnberg mjini Salzburg, nchi ya Austria. Alikwenda kulea watoto wa ofisa wa jeshi la majini, Georg von Trapp, wakaoana, na jamaa nzima ikaukimbia utawala wa Hitler. Watu hao waliishi kweli, na ni kweli kwamba von Trapp alikataa kuwatumikia Wanazi. Lakini katika sinema arusi na kuja kwa Wanazi vyafuatana upesi. Kwa kweli walioana mwaka 1927, na Wanazi waliitwaa Austria mwaka 1938, miaka 11 baadaye. Katika sinema jamaa yakimbia kwa miguu, ikipanda milima; kwa kweli walipanda treni kwenda Italia. Tena, aliyewaongoza katika kuimba alikuwa padri, Franz Wasner, aliyeondoka nchini pamoja nao, akaendelea kuwa mwalimu wao wa nyimbo kwa miaka mingi. Padri huyo hayumo kabisa katika sinema. Mahali pake yupo bwana mcheshi anayetafuta waimbaji wa kupeleka katika mashindano.

Je, hasara ni kubwa? Si kubwa sana. Mlima wapendeza macho kuliko kituo cha treni, na hakuna aliyesingiziwa damu ya mtu. Hata hivyo, watoto wa von Trapp walihuzunika kumwona baba yao akionyeshwa kuwa mtu mkali na baridi, hali wao walimjua kuwa mpole. Kumbe hata katika sinema ya kufurahisha, yupo mtu anayesema: "Huyo siye baba yetu."

Mfano wa pili watoka karibu na kwetu. Mwaka 1958 kwaya ya Kamina, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin na kuongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko, iliimba na kurekodi Misa ijulikanayo dunia nzima kwa jina la Missa Luba. Mwaka 1964 Mwitalia Pier Paolo Pasolini alitumia Gloria ya Misa hiyo katika sinema yake juu ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitumia Sanctus yake katika sinema iitwayo if...., juu ya wanafunzi wanaoasi shuleni mwao, nao mwishoni wawapiga risasi wakubwa na wageni. Waimbaji ni wale wale wa Kamina, na Misa ni ile ile. Lakini katika sinema ya kwanza nyimbo zao zamfuata Bwana Yesu, na katika ya pili zamtia moyo kijana mwenye ghadhabu. Hakuna aliyewauliza wavulana wa Kamina kama walikuwa na nia hiyo.

Hapo twapata fundisho ambalo ndilo msingi wa maneno yetu yote ya leo: wimbo huchukua maana ya picha iliyowekwa kando yake, na picha huchukua nguvu ya wimbo. Mbili zikiunganishwa zasema neno la tatu ambalo hakuna mtu aliyelitamka. Na kwa kuwa halikutamkwa, hakuna wa kuulizwa juu yake.

Sasa tuingie katika jambo zito, linalotuhusu sisi wa Katanga. Mwaka 2024 Mbelgiji Johan Grimonprez alitoa sinema ya muda wa saa mbili na nusu, iitwayo Soundtrack to a Coup d'Etat, maana yake muziki unaosindikiza mapinduzi ya serikali. Mwaka 2025 iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar huko Marekani, ingawa haikuipata. Haina waigizaji wanaojifanya kuwa Lumumba au Tshombe. Sehemu kubwa ni picha na sauti za zamani: uhuru wa Kongo tarehe 30 Juni 1960, mabishano katika Umoja wa Mataifa, Khrushchev wa Urusi akifoka, migodi ya Katanga, na kifo cha Patrice Lumumba. Na toka mwanzo mpaka mwisho wanasikika wanamuziki: Louis Armstrong, Dizzy Gillespie, Nina Simone, Max Roach na Abbey Lincoln, pamoja na wetu, Grand Kallé na Franco.

Yatupasa kuisifu kwa mambo mawili. Kwanza, huandika juu ya picha jina la kitabu au hati ambamo neno limetoka, jambo ambalo sinema nyingi hazilifanyi. Pili, yaonyesha kwamba wanamuziki hawakuwa pambo tu la siasa ya siku zile. Tarehe 13 Februari 1961 serikali ya Katanga ilitangaza kifo cha Lumumba. Siku mbili baadaye Abbey Lincoln, Max Roach na wenzao waliingia katika mkutano wa Baraza la Usalama huko New York, wakapiga kelele za kupinga mauaji hayo. Hilo lilitukia, na magazeti ya siku ile yaliliandika.

Lakini hebu tuitazame habari ya Louis Armstrong, maana ndiyo yenye kuleta ubishi. Mpiga tarumbeta huyo alifika Leopoldville mwishoni mwa Oktoba 1960, katika safari iliyogharimiwa na serikali ya Marekani. Watu walimbeba juu kitini kama mfalme. Mwezi wa Novemba alikuja Elisabethville, mji tuuitao leo Lubumbashi, akapiga muziki, akapokewa na Moïse Tshombe. Siku zile Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani mwake Leopoldville, amezungukwa na askari. Mwanahistoria Susan Williams, katika kitabu chake White Malice cha mwaka 2021, aeleza kwamba Armstrong alikula chakula pamoja na Larry Devlin, mkuu wa ujasusi wa Marekani katika Kongo, asijue ni nani, na kwamba safari ya mwanamuziki ilimpa Devlin nafasi nzuri ya kufika Katanga. Haya ni maneno ya mtu aliyesoma hati, na mwenye kubisha aweza kwenda kuzisoma.

Sinema huyaweka mambo hayo bega kwa bega: tarumbeta yalia, wapelelezi wapanga, Lumumba auawa. Kila kipande kina ushahidi wake. Ila kijana atazamaye aondoka na neno la tatu: "Armstrong alikuja kupiga muziki ili Lumumba auawe." Neno hilo halimo katika hati yoyote. Armstrong aliondoka Katanga mwezi wa Novemba. Lumumba alitoroka Leopoldville tarehe 27 Novemba, akakamatwa siku chache baadaye, akaletwa Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, akauawa usiku ule ule pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kati ya tarumbeta na risasi ipo karibu miezi miwili, na ndani ya miezi hiyo watu wengi, Wakongo na wageni, waliamua mambo ambayo wangeweza kuyaamua vingine. Wimbo huziba nafasi hiyo kwa dakika moja.

Tena Armstrong hakuwa kibaraka asiye na moyo. Mwaka 1957 aliikemea serikali yake hadharani kwa sababu watoto weusi walizuiwa kuingia shule katika mji wa Little Rock, akakataa kwenda Urusi kwa niaba yake. Mtu huyo huyo miaka mitatu baadaye alikubali kuja Afrika kwa fedha za serikali hiyo hiyo. Mambo yote mawili ni kweli, na anayetaka kumjua hana budi kuyashika yote mawili. Kadhalika wapo wanaompenda wanaosema kwamba siku alipopiga tarumbeta katika Kongo vita vilisimama. Yeye mwenyewe alipenda kuyasimulia hayo. Wazee wetu wajua kwamba vita vya Katanga havikumalizwa na tarumbeta. Viliendelea mpaka Januari 1963.

Hapa pengine msomaji mmoja wa Sandoa atasema: "Vema! Basi sinema hizo ni uongo wa kumchafua Tshombe wetu." Sivyo, ndugu. Hatuandiki haya ili kumwosha mtu. Tshombe alizaliwa katika nchi hii ya Walunda, huko Musumba, mwaka 1919, na jina lake lingali hai kati yetu. Lakini tume ya Bunge la Ubelgiji, iliyotoa taarifa yake mwaka 2001, ilieleza wazi kwamba Lumumba aliuawa mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi, na mwaka 2022 ikarudisha jino lake, kiungo pekee kilichosalia, likapitishwa hata Shilatembo, mahali alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Tena serikali ya Katanga ilipotangaza kifo kile ilisema kwamba wanakijiji walimwua baada ya kutoroka. Ulikuwa uongo, nao ulisemwa bila wimbo wowote. Kwa hiyo wala hatusemi kwamba nyimbo tu ndizo hudanganya.

Kipimo tunachowapimia wengine yatupasa kujipimia sisi wenyewe. Katanga nayo ilikuwa na wimbo wake, La Katangaise, uliotungwa na Joseph Kiwele, mwanamuziki Mkatoliki hodari, yule yule aliyetunga Missa Katanga, ambaye alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Tshombe. Ni wimbo uliowasimamisha wengine wima kwa fahari. Wengine waliusikia wakiwa wamekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa huko Elisabethville mwaka 1961, maelfu kwa maelfu ya Waluba waliohofu maisha yao. Mtu akitengeneza kesho sinema ya kumsifu Tshombe, akaweka wimbo huo juu ya picha za gwaride, mtoto wetu atavimba kifua. Lakini je, ataiona kambi ile? Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 1992 na 1993 chuki za zamani ziliamka tena, na watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa huko huko. Historia ikisimuliwa kwa fahari tu, wenye kuumia ni jirani zetu.

Wale waliosoma shule wakati wa Mobutu watakumbuka jambo jingine. Katika miaka ya 1970 wanafunzi na wafanyakazi walipangwa mistari, wakaimba na kucheza sifa za Mwongozi. Mobutu huyo ndiye aliyempindua Lumumba Septemba 1960, na ndiye aliyemtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966. Nyimbo zilipendeza, na miguu ilicheza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Waliocheza siku zile hawahitaji kufundishwa kwamba furaha ya ngoma si ushahidi wa wema wa anayechezewa.

Wako wanaojibu: "Sinema si kitabu cha shule. Mtengenezaji ana uhuru wake." Ni kweli, nasi hatupendi uhuru huo ufungwe. Yafaa tukumbuke sinema ya Raoul Peck, Lumumba, ya mwaka 2000, ambayo si ya nyimbo bali ya waigizaji. Ndani yake Mmarekani Frank Carlucci, aliyekuwa ofisa wa ubalozi huko Leopoldville, aonyeshwa katika mkutano ambamo kifo cha Lumumba chazungumzwa. Carlucci alikana. Sinema ilipoonyeshwa katika televisheni huko Marekani mwaka 2002, jina lake lilifichwa lisisikike. Je, ukweli ulipata faida gani? Mtazamaji hakuonyeshwa ushahidi wa upande wowote. Alinyimwa jina tu. Waargentina walitumia njia iliyo bora. Mwaka 1996 sinema ya nyimbo Evita, juu ya Eva Perón, mke wa rais wao wa zamani, iliwaudhi wengi, na kuta za Buenos Aires zikaandikwa maneno ya kumfukuza Madonna aliyeiigiza. Lakini mwaka ule ule Waargentina wenyewe walitoa sinema yao juu ya mama huyo. Aliyetaka aliweza kutazama zote mbili na kulinganisha.

Kulinganisha si jambo geni kwetu. Ni nani katika nchi hii asiyejua habari za Ruwej, binti mfalme, na mwindaji Chibind Ilunga aliyetoka kwa Waluba? Walunda wa Musumba waisimulia kuwa chanzo cha ufalme wa Mwant Yaav. Wachokwe huisimulia kwa namna yao, wakieleza kwa nini wazee wao waliondoka, na bado mafundi wao wamechonga sanamu nzuri za Chibinda Ilunga. Waluba nao wana yao. Mzee mwenye busara akisikia habari hiyo ikiimbwa huuliza kwanza: "Anayeimba ni wa ukoo gani?" Hasemi kwamba mwimbaji ni mwongo, ataka kujua amesimama wapi. Swali hilo la wazee latosha kwa sinema zote za dunia.

Basi twawaomba wazazi na walimu wasiwanyang'anye vijana simu kwa hasira, maana sinema iliyokatazwa hutazamwa mara mbili. Afadhali mkae nao. Wakimaliza kutazama, waambieni waeleze habari ile tena bila muziki: nani alifanya nini, tarehe gani, mahali gani, na nani amesema hivyo. Yale yatakayobaki yamesimama ndiyo ushahidi wa sinema. Yale yatakayoanguka yalikuwa yakishikwa na ngoma tu. Kisha waulizeni: ni nani hakuonyeshwa? Katika habari za mwaka 1960, mara nyingi asiyeonyeshwa ni mama wa kijijini, mfanyakazi wa mgodi, na mkimbizi.

Nanyi wanafunzi, lipo jambo moja mnaloweza kulifanya ambalo hakuna mtengenezaji wa sinema wa Ulaya awezaye kulifanya kwa niaba yenu. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1960 amefikia sasa miaka 80. Wazee wa namna hiyo wako Sandoa, Kapanga, Dilolo na Kolwezi, ila kila mwaka twawazika. Chukueni daftari, mkakae nao. Andikeni walichokiona kwa macho yao, na kando yake waliyoyasikia kwa wengine, wala msiyachanganye. Waulizeni pia waliimba nyimbo gani siku zile, na walikuwa wapi walipoziimba. Halafu mwaka ujao sinema nyingine itakapowafikia katika simu zenu, mtakuwa na kitu cha kuilinganisha nacho.